Matangi ya Wamaza

Mwamini alizikwa hapa Kasongo siku ya Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, na waliomsifu walimsifu kwa mengi. Walisema sabuni zake za mawese zilifua nguo za nusu ya mji. Walisema hakuna matanga aliyoyasikia akakosa kwenda. Mimi nilikaa mkekani pamoja na wanawake, Mkristo peke yangu katika safu ile, nikingoja mtu aitaje Wamaza. Hakuna aliyeitaja. Binti yake mkubwa, aliyekaa ubavuni mwangu, aliniona nimeinamisha uso, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mama Feza, weye na mama mulijuana wapi?" Nikamwambia tulijuana kazini. "Kazi gani?" Wageni walikuwa wakipitisha sahani za wali, nikasema nitamweleza siku nyingine. Kumbe hata wanawe hakuwasimulia. Nimelifikiria jambo hilo tangu Ijumaa. Sidhani aliona haya. Nadhani alichoka kulibeba, akaliweka chini. Mimi bado ninalo, na haya ninayoyaandika ni ya binti yule.

Vita vilikuwa vimetulia kwetu, watu wameanza kulima tena mashamba ya mbali, ndipo kampuni moja ilipokuja kutengeneza barabara ya kwenda Kabambare. Kambi yao ilikuwa katika kijiji cha Wamaza. Wakubwa wa kampuni hawakulala katika mahema wala katika nyumba za udongo. Walikuja na nyumba za magurudumu, walizoziita karavani, zikikokotwa na malori. Kila moja ilikuwa na kitanda, jiko na choo ndani yake. Jumapili baada ya misa watu walikwenda kuziangalia kama wanavyokwenda kumtazama bibi arusi, na kilichowashangaza si kitanda wala jiko. Kilichowashangaza ni kwamba mtu anapika upande huu na kujisaidia upande ule, na katikati ni ubao tu. Mama mmoja aliinama, akachungulia chini ya magurudumu, akauliza kwa sauti kubwa: "Sasa mavi inaenda wapi?" Watu walicheka. Mimi sikucheka muda mrefu, kwa sababu kesho yake jibu la swali hilo ndilo nililopewa kama kazi.

Nilikuwa nimetoka Kasongo kutafuta kazi ya jikoni. Jikoni wamejaa, wakaniambia, iko kazi ya matangi. Chini ya kila karavani palikuwa na matangi mawili, moja la choo, moja la maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo. Yakijaa lazima yamwagwe na yasafishwe, la sivyo harufu hupanda mpaka kitandani. Wanaume waliokuwa wakivunja mawe barabarani, kazi ya kutoa jasho na damu, walikuwa wameikataa hiyo wote. Nilisimama pale nikitaka kulia. Mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliyekuwa akikamua tambara kwenye ndoo, akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Uko na mikono miwili?"

"Niko nayo."

"Basi kuja. Kitu inaogopesha ni siku ya kwanza. Siku ya pili ni kazi tu."

Huyo ndiye Mwamini. Alitoka Nyangwe, alinizidi miaka michache, na tangu siku ile mpaka Ijumaa hii nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa.

Yeye alikuwa amefundishwa na fundi aliyezileta karavani, nami nikafundishwa naye. Tangi la choo halifunguliwi likiwa na kidogo, kwa maana maji hukimbia na mazito hubaki, yakakauka kama udongo wa ukuta. Unaliacha lijae. Unafunga tiyo, yaani bomba la mpira, vizuri pande zote mbili, unalijaribu kwa mkono, ndipo unavuta kilango. Unasikia kitu kikishuka, kizito kwanza, kisha chepesi. Likiisha hilo, unafungua lile la maji ya kuogea, ili sabuni ya wenyewe ipite na kuosha njia. Halafu mmoja anaingia ndani na kumimina maji chooni, ndoo baada ya ndoo, na mwenzake anakaa chini akitazama mpaka yanayotoka yawe meupe. Mwisho ni dawa ya buluu, yenye harufu ya maua nisiyoyajua. Uchafu wote uliingia katika tangi la kukokotwa, trekta ikalivuta mpaka shimo lililochimbwa nyuma ya kilima, mbali na kijito ambacho Wamaza yote ilikinywa. Shimo hilo alilidai Mwamini. Alikataa kugusa tiyo kabla halijachimbwa.

Tuliingia katika karavani mchana, wenyewe wakiwa barabarani. Naona bado vile vyumba vidogo: shuka zilizokunjamana, makopo ya sadini, picha ya mtoto mwenye sare ya shule iliyobandikwa juu ya mto. Hatukuzungumza na wale watu, nao hawakututazama tulipopishana, lakini tuliwajua. Tulimjua anayekunywa kwa siri, na tulimjua anayeumwa tumbo na kunyamaza. Tangu wakati ule nimezaa, nimeuguza, nimemwosha mama yangu katika siku zake za mwisho, na kila mara nilikumbuka kwamba tayari najua kuwa mtu, awe mkubwa namna gani, kuna mwingine anayebeba yaliyotoka kwake. Wakati ule sikuwa na maneno haya. Nilikuwa na kichefuchefu tu, na Mwamini akinipigia kelele nisishike uso kwa mikono.

Tulipanga chumba kwa Mama Anjelani, mjane aliyeishi na mjukuu wake Riziki, mtoto wa kike ambaye alikuwa ameanza tu kusema maneno yanayoeleweka. Chumba kilikuwa na kitanda cha mianzi na harufu ya mpunga, kwa maana upande mmoja palikuwa na magunia ya mavuno yake. Mwamini alitundika nguo zake za sala msumarini, ndani ya mfuko, mbali na nguo za kazi ambazo hazikuvuka kizingiti kamwe. Tulinawa nyuma ya nyumba kwa sabuni, kisha majivu, kisha ndimu, kisha sabuni tena. Siku za kwanza Mama Anjelani alituita tule naye, bugali na sombe la majani ya muhogo lililopikwa kwa mawese mapya. Halafu mtu akamwambia kazi yetu. Jioni ile tulikuta chakula chetu kimewekwa peke yake, kwenye sahani ya bati iliyotobolewa pembeni ili isichanganyike na nyingine. Mwamini alisema "Aksanti, mama", akala, akaiosha ile sahani, akairudisha mahali palepale.

Ukuta wa chumba chetu haukufika darini, kwa hiyo tulisikia kila neno. Asubuhi moja jirani alikuja kuomba moto, akaanza: "Ile wanawake ya mavi, utaishi nayo mpaka lini? Hata muislamu mwenzake alimuuliza ku musikiti kama sala yake inafika." Mimi na Mwamini tulitazama nyasi za paa. Tulisikia Mama Anjelani akipuliza moto. "Nimewaangalia wakinawa," akasema. "Miye mwenyewe sinawi vile. Weye unanawa vile?" Jirani akaondoka na moto wake. Siku hiyo hakuna kilichobadilika, wala kesho yake. Lakini Riziki hakujua habari za sahani. Alikuja akakaa mapajani mwa Mwamini, akachovya tonge lake katika mboga yetu, na bibi yake akamtazama, asimwite. Baada ya hapo ikawa shida kujua nani anakula wapi, na mwisho tukala wote.

Aliyeendesha trekta aliitwa Sefu. Nataka nimseme kwa haki. Alikuwa kijana mwenye kicheko, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua kila alipomsalimia Mama Anjelani, na hakuwahi kutuita wanawake wa mavi. Akienda Nyangwe siku za mapumziko alirudi na samaki waliokaushwa, akisema ametumwa na wazazi wa Mwamini, kumbe amenunua mwenyewe. Wajomba zake walikuwa wamekwishafika kwa baba yake Mwamini, mahari imetolewa, arusi ingekuwa baada ya Ramadhani. Usiku niliwasikia nje ya dirisha wakibishana kwa sauti ndogo kuhusu nyumba watakayojenga, Sefu akitaka bati, Mwamini akisema bati ina kelele wakati wa mvua. Nililala nikiwa na wivu, nikiwa na furaha pia.

Kisha mvua zikaja. Kilima kiligeuka utelezi, na siku moja trekta ilirudi nyuma na tangi lake nusura imlalie Sefu. Wiki ileile fundi mmoja wa daraja alirudi kutoka likizo upande wa ziwa akiwa mgonjwa. Tulipofungua tangi lake, Mwamini alisikiliza, akaniambia: "Hii ni maji tupu. Huyu mutu anaharisha sana." Akamwita Sefu, akamwambia mbele yangu: "Hii tangi usicheze nayo. Fika mpaka ku shimo, hata kama ni polepole." Sefu akaitikia, akapanda trekta. Alirudi mapema. Mwamini alipomuuliza njia ikoje, akasema leo imekauka kidogo, naye akageuka kufunga turubai. Fundi yule alipelekwa Kasongo siku hiyohiyo, na sisi tukaendelea na karavani nyingine.

Kolera, yaani kipindupindu, ilianza katika nyumba za chini, zile zinazochota kijito baada ya wengine, ikapanda mpaka kwetu. Riziki alianza kutapika alfajiri. Mwamini alimchukua mgongoni akakimbia naye kituo cha afya, mimi na Mama Anjelani nyuma yake, na kituoni tulikuta chumba kimejaa na chupa za serumu, maji ya mshipani, zimekwisha. Muuguzi alimchanganyia maji, chumvi na sukari, tukamnywesha kwa kijiko. Mtoto alikuwa akituangalia kwa macho makubwa yaliyozama. Kabla jua halijafika juu alikuwa amekwenda. Mama Anjelani hakupiga kelele. Alimfunika uso kwa kitenge chake, akabaki amesimama kwa nguo ya ndani mbele ya watu wote, asijue kama amesimama hivyo. Mwamini alivua kitambaa chake cha kijani akamfunga kiunoni.

Tulipokuwa tukirudi, Mwamini aliacha njia akashuka kijitoni. Nilimfuata. Penye kivuko, juu kidogo ya mahali pa kuchotea, palikuwa na alama za magurudumu ya trekta zikiingia mpaka ukingoni, na kwenye matete zilining'inia karatasi nyeupe, laini, zile za chooni ambazo Wamaza hakuna mtu aliyekuwa nazo isipokuwa wenye karavani. Mwamini alizitazama mpaka nikaogopa. Kisha tukaenda kambini. Sefu alikuwa akipaka mafuta mnyororo.

"Sefu, ile tangi ulimwaga wapi?"

Hakukana. "Mwamini, kilima iliteleza. Ingeniangukia. Nilisema mvua itabeba yote."

"Mvua imebeba. Imebeba mpaka ku chungu ya Mama Anjelani."

Sefu alikaa chini kwenye matope, akashika kichwa. Mwamini alichuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole, upole ambao bado nausikia, kwamba watu wanaendelea kuchota pale, kwamba lazima waambiwe leo, na kwamba tutasema wote watatu, tukiwa tumesimama pamoja. Sefu akaitikia kwa kichwa. Mkuu wa kambi alikuwa ametusikia. Alituita mlangoni kwa karavani yake. "Ile kolera inatoka kwa wachimba zahabu," alisema. "Mukisema maneno ingine, watu watachoma kambi, na nyinyi wanawake wawili kazi imeisha. Tumeelewana?" Mwamini akamuuliza: "Na maji, shefu? Watu wangali wanakunywa." Akajibu kwamba amekwishatuma habari, msaada utakuja. "Lini?" Alifunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, kama Sefu, na hofu yao wote wawili ilitaka kupita juu ya vichwa vya watu wengine.

Riziki alizikwa alasiri. Watu walijaa uwanjani kwa Mama Anjelani, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake chini, na tayari minong'ono ilikuwa ikitutafuta. Mwamini alisimama katikati. Alikuwa mrefu, nimesema, na bila kitambaa chake alionekana kama mtu mwingine.

"Mama zangu, baba zangu," akasema, "musikunywe tena maji ya kijito. Uchafu ya kambi iliingia mule. Muchote ku chemchemi kule juu, na muchemushe. Kama iko maji ndani ya nyumba, mumwage sasa hivi."

Mwanamume mmoja akauliza: "Nani aliimwaga?"

"Sisi wa matangi."

Aliposema hivyo aligeuza macho kwa Sefu. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, kofia mkononi. Mwamini alikuwa amemwachia nafasi ya kusema, kila mtu angeweza kuiona kama angejua pa kutazama. Niliona midomo ya Sefu ikifunguka. Niliona akitazama wanaume kwenye mabenchi, kisha akitazama miguu yake. Nafasi ile ikapita. Mimi nilivuta pumzi kulitaja jina lake, na Mwamini akanishika mkono akanibana mpaka mifupa ikaumia, nikanyamaza. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho. Watu waliinuka. Sijui tungepona vipi kama Mama Anjelani asingeinuka naye, mzee yule ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akapaza sauti iliyokatika: "Si hapa! Mutoto wangu hajalala vizuri, na munapigana juu ya kichwa yake? Muende! Muende mukamwage maji!" Wakaenda. Ndiyo maajabu ya siku ile. Walituchukia, lakini walikwenda majumbani wakamwaga mitungi na madumu, na kijitoni hapakuonekana mtu. Siku mbili tatu baadaye serumu ilifika kwa pikipiki. Waliougua baada ya hapo walikuwa wachache, na walipona.

Sefu alikuja jioni nyuma ya nyumba, nilipokuwa nikimkanda Mwamini jicho kwa maji ya moto. Alilia. Alisema kesho atasema, atakwenda kwa chifu mwenyewe. Mwamini alimsikiliza mpaka mwisho. "Sefu," akasema, "ile ya kijito nilikusamehe palepale. Uliogopa kufa, hata miye ningeogopa. Lakini leo uliniangalia nikipigwa." Sefu akamwita kwa jina mara mbili. Mwamini hakumjibu tena, na asubuhi tukasikia ameondoka na lori la Kabambare. Kwa chifu hakufika. Mahari ilirudishwa kwa utulivu na wazee wa Nyangwe wakaambiwa tu kwamba tabia hazikupatana. Miaka mingi baadaye Mwamini aliolewa na mtu mwema wa hapa Kasongo, baba wa binti aliyeniuliza swali, na sikuwahi kumsikia akimtaja Sefu, kwa ubaya wala kwa wema.

Kazi iliisha, kama tulivyoahidiwa. Kambi nayo ilikuwa inahama kwenda mbele, na malori yangezikokota karavani zivuke kijito zikiwa na matangi yaliyojaa. Mwamini, jicho moja limefumba kwa uvimbe, alikwenda akasimama mbele ya lori la kwanza. "Hazivuki hivi," akamwambia mkuu wa kambi. "Utatupa siku moja." Mkuu hakuwa na mtu wa trekta wala hakuwa na nguvu ya kubishana, akatoa siku moja. Kwa hiyo tulifungua matangi kwa mara ya mwisho na kuyabeba yaliyomo kwa ndoo, begani kwa mti, mimi mbele na yeye nyuma, tukipanda kile kilima chenye utelezi. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka chemchemini walisimama pembeni mwa njia, wakatugeuzia migongo. Nilianguka, nikajimwagia, nikakaa kwenye majani nikilia kwa sauti kama mtoto. Mwamini hakunibembeleza. Alikwenda kuchuma majani mapana, akanifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kisha akasema: "Simama, Feza. Hatujafika nusu."

Tulipofika shimoni na ndoo zilizofuata, tulimkuta Mama Anjelani. Alikuwa amekuja na jembe lake, kichwa kimenyolewa kwa msiba, na alikuwa amekwishaanza kushusha udongo juu ya tulichomwaga. Hakutusalimu. Alilima, akafunika, akakanyaga udongo kwa miguu yake mitupu mpaka ukashikana. Ndipo akaegemea mpini, akamwangalia Mwamini.

"Nani alimwaga kule ku kijito?"

"Ni sisi, mama."

"Nimekuuliza nani."

Mwamini alitazama chini. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidonda, na hakujifuta. "Mwenye kumwaga anajijua," akasema mwishowe. "Miye nilijua sumu iko mule, na sikumufuata nyuma mpaka ku shimo. Naomba unisamehe, mama."

Sikumbuki ndege wala upepo, nakumbuka tu pumzi zetu watatu na harufu ile. Mama Anjelani hakusema amesamehe. Sijui kama aliwahi kusamehe, na baada ya kufiwa nami na mtoto wangu mwenyewe sidhani nina haki ya kuuliza. Aliinama, akachukua ndoo iliyokuwa karibu naye, akaikung'uta.

"Kule chini iko ingine?" akauliza.

"Iko, mama. Karavani nne."

"Basi tushuke," akasema, akatangulia.